Futikamba

Walinipa futikamba, kitabu cha karatasi tatu tatu
(nyeupe ya mwenye nyumba, ya waridi ya mpangaji, ya kijani ya kwetu)
na kofia yenye nembo, inanipwaya.
Wakasema: anza Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
pima chumba kwa chumba, andika kodi halali.
Futi hamsini hadi mia za mraba: elfu thelathini na tano.
Kodi isipande tena kwa uvumi wa bomba la mafuta,
mtu asidaiwe miezi sita kabla hajauona ufunguo.

Siku hiyo nilipokewa kama niliyeleta maji ya bomba.
Hoza, fundi wa kuchomelea, alinishikia ncha,
macho kwenye tarakimu
kama anayengoja majibu ya damu.
Kumi kwa kumi. Dirisha moja. Choo cha wote.
Nikaandika thelathini na tano.
Alikuwa akilipa sabini.
Hakucheka. Aliikunja karatasi ya waridi mara nne,
akaichomeka ndani ya kava la simu.

Bi Mgeni binti Kibwana,
mwenye nyumba, jina ndilo hilo,
alikuwa barazani anachambua kisamvu.
Hakuinua uso.
"Chumba umekipima. Bati je, umelipima?
Saruji umeipima? Haya, na goti hili,
lapanda Bombo kila mwezi, lipime."
Sikuwa na karatasi ya goti.

Mwezi wa tatu nikarudi kukagua.
Nyumba ya vyumba sita ilikuwa na vyumba kumi na kimoja.
Sheria ilihesabu vyumba,
basi vyumba vikazaana.
Plaiwudi ilipita kati, ikaligawa dirisha:
ubao wa kushoto wa Hoza, wa kulia wa mwalimu kutoka Lushoto.
Taa moja juu ya ukuta, inamulika kaya mbili;
mmoja akisahihisha madaftari, mwingine halali.
Tano kwa kumi. Hamsini kamili.
Bi Mgeni alikuwa ameisoma sheria kunishinda mimi.

Na kodi? Thelathini na tano, senti haikuzidi.
Ila palikuwa na ya taka,
na ya mlinzi ambaye sikumwona,
na ya kivuli.
Kivuli gani? Cha kukaa barazani alasiri, nikajibiwa.
Risiti ya serikali huandikwa kwa kalamu.
Hizo nyingine huandikwa kwa mdomo.

Nikaitoa futi. Safari hii hakuna aliyeshika ncha.
"Usiandike, karani," Hoza akasema, anautazama mlango.
"Ukiandika, natoka mimi.
Kuna kijana wa bomba yuko nje na pesa ya mwaka mzima."
Waja leo, waondoka leo:
tulikuwa tukiusema kwa maringo, msemo huu wa Tanga.
Siku hizi umeshikwa na madalali.

Bi Mgeni akanivuta kwa ukosi wa shati
hadi nyuma, kwenye stoo.
Godoro limesimamishwa ukutani mchana,
kanga tatu kwenye msumari, ndoo, dawa za presha.
"Na hiki? Halali yake ngapi?"
Sita kwa saba.
Nikafungua jedwali, kidole kikateremka, kikateremka:
chini ya hamsini, si makazi.
Sikumsomea. Alikuwa amekwisha kulisoma usoni mwangu.

Karatasi zote tatu zilirudi nyeupe,
hata ile ya waridi, hata ile ya kijani.

Usiku, kwangu Makorora, nilikipima changu
kwa shubiri, gizani, nisimwamshe mtoto.
Tisa kwa nane na kidogo. Nalipa themanini.
Sikuandika.
Mwenye nyumba wangu ndiye bosi wangu;
ndiye aliyenisainia kofia.