Na Jirani

Saa tatu. Mvua ya Rochdale haijaamua kunyesha au kuacha.
Simu yatetemeka juu ya cherehani:
Doreen wa mikate kaandika kundini,
"Tanuri limegoma. Wateja nimewaelekeza kwa Pawel."
Pawel! Wamenuniana miaka miwili
kwa bei ya skonzi.

Naweka picha ya zipu niliyoiponya;
fundi viatu anaisambaza.
Adhuhuri anaingia bwana, koti mkononi,
mfuko wa Pawel kwapani, ungali moto.
"Nimeelekezwa," asema.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sisi wa mtaa huu tumeongeza: na jirani.

Jioni Doreen amtumia Pawel dole gumba,
moja tu, mbele yetu sote.
Kimya.
Kisha simu yasema: Pawel anaandika.
Naifunga cherehani, nazima taa.
Bado anaandika.