Soli za Hilali

Mguu wa mtu siuulizi habari. Nausoma.
Wa kushoto wa Hilali Ntakije naujua tangu saizi tano,
aliponiletea njumu za kaka yake, zimefumuka ubavuni,
akanilipa migebuka wawili,
mmoja keshaonjwa na paka.

Uwanja wao pale Mwanga ulikuwa mwekundu, wa mteremko:
kipindi cha kwanza unapanda, cha pili unashuka,
na kipa wa goli la chini
alishinda akiufukuza mpira uliokwenda zake ziwani.

Mvua zikishika, walihamia ghala la reli.
Watazamaji: magunia ya chumvi ya Uvinza.
Humo ndimo alimojifunza ukuta.
Unaupa, unakurudishia. Hauna choyo.
"Huyu hajawahi kunikosea pasi," alisema,
nasi tukamcheka.

Kisha treni. Kisha Dar, miaka mitatu, benchi zaidi ya uwanja.
Kisha nchi ambayo jina lake
mama yake alilitamka kila siku kwa namna mpya.

Kutoka huko aliniletea kiatu kimoja cha kushona,
soli bapa, haina jino hata moja.
Nikamwandikia: mwanangu, unachezea wapi na kibogoyo hiki?
Akajibu: ndani, mzee. Nje theluji, ndani taa,
watu wanakata tiketi, na ukuta upo,
wa mbao, unazunguka uwanja mzima.
Wenzangu wanauogopa.

Kiangazi nyasi, baridi sakafu,
misimu kumi na moja bila kuvua viatu.
Nyasi zina huruma kidogo.
Sakafu inaandika deni kwenye goti.

Amerudi. Hakupokewa na ngoma;
treni ilichelewa siku nzima, waliokuja walishachoka.
Sasa anapima mawese dukani kwa shemeji yake,
na jana alikuja na kobazi:
"Kushoto niongezee nusu inchi. Walinikata, ukapungua."
Nikachonga tairi. Akalipa noti, mpya.
Nilitamani migebuka.

Alikuwa bado mguu mmoja peku
mpira wa watoto ulipokuja kasi kutoka mtaroni.
Hakugeuka. Aliukanyaga, ukatulia,
akaupa ukuta wa kibanda changu,
ukuta ukampa,
akaupa tena.

Msumari mmoja ulidondoka.
Sijaupigilia.