Pimamaji

Asubuhi ya kwanza niligeukia upande wa kulia
na dari ikaondoka.
Haikuanguka. Iliondoka, kama sahani inayosukumwa mezani,
ikarudi, ikaondoka tena,
nami nimeshika shuka kwa mikono miwili
kama aliyeshika ukingo wa kisima.

Sekunde ishirini, labda thelathini.
Kisha chumba kikatulia, kikajifanya hakijafanya kitu.

Mimi ni mtandika vigae. Miaka ishirini na sita
nimenyoosha sakafu za Maribor,
mabafu, majiko, ngazi za benki, bwawa la shule,
na sijawahi kubishana na pimamaji:
kiputo kikisimama kati ya mistari miwili
dunia imesimama, mjadala umekwisha.
Wiki ile kiputo kilisimama katikati
na kichwa changu kikasema: mwongo.

Sikumwambia Slavko.
Nilimwambia Ljudmila wa ghorofa ya pili, kosa,
maana Ljudmila hakosi jibu:
kunywa siki ya tufaha, acha kahawa,
ni upepo huu wa kusini unaoyeyusha theluji,
ni umri, Zdenka, umri haubishi hodi.
Kaka yangu Bojan, kwenye simu, akasema damu imeshuka.
Mkewe, nyuma yake, akasema imepanda.

Nililowaza mimi sikulitamka.
Mama alianza hivi. Alikuwa anamenya viazi,
akaegemea ukuta, akacheka: "Nimelewa na sijanywa."
Vuli ilipofika hakulijua jina langu.

Nikawa nalala nimekaa.
Nikawa nashuka ngazi kiganja kikifuata ukuta,
nikijidai nakagua plasta.

Hadi Alhamisi moja, nimeinamia ndoo kutafuta sponji,
sakafu ikaja juu kunisalimia.
Kigae mkononi kilibaki kizima. Paji langu ndilo lililopasuka.
Anže, mwanagenzi wangu, miaka kumi na tisa, mpole kupita kiasi,
akavua glavu moja, akavua ya pili:
"Ama unakwenda kwa daktari, ama nampigia mumeo."

Daktari Hribernik ana mikono baridi na haharakishi.
Kwanza aliuliza:
"Ni chumba kinachozunguka, au ni wewe unayetaka kuzimia?"
Siku kumi na saba za ushauri
na hakuna aliyenitenganishia hayo mawili.
Chumba, nikasema. Chumba, kama pia.
Akapima presha nimelala, akapima nimesimama,
akanitoboa kidole, akasoma majina ya vidonge vyangu,
akaniambia nitembee kisigino kwa kidole, nikatembea,
nikamweleza habari za mama.
Hakusema usiogope.
Aliweka kalamu chini. "Hilo nalo tutaliangalia."

Kisha akanilaza ghafla, kichwa kikining'inia kulia,
akanichungulia macho yakicheza bila ruhusa yangu.
Nilimkamata koti. Aliniachia nilishike.

"Ndani ya sikio," akasema, "kuna chembe za chokaa,
zimebandikwa mahali pake. Zako zimebanduka,
zinazurura palipo na maji."
Nikacheka hapo hapo, chozi likiingia sikioni.
Vigae, daktari! Gundi imezeeka!
Akanigeuza polepole, shingo, bega, ubavu,
kama mtu anayeviringisha punje kutoka kwenye bomba,
akanikalisha. Nje ya dirisha mnara ulikuwa umesimama wima,
kitu ambacho minara inapaswa kufanya
lakini siku zile sikuwa na hakika.

Barua ya picha ya kichwa iko juu ya friji,
chini ya sumaku: Machi, tarehe kumi na nne.
Daktari ana imani kuwa ni zile chembe tu.
Mimi nina imani kiasi, na kiasi kilichobaki ni usiku.

Jana nikamwambia Slavko yote, taa imezimwa, ni rahisi zaidi.
Alikaa kimya, akanyanyuka, nikasikia zipu ya mkoba wangu wa kazi.
Akawasha taa,
akanilaza, akaiweka pimamaji juu ya paji, pembeni ya kovu,
akainama kuisoma kwa makini ya fundi asiye fundi.

Inasemaje? nikamuuliza.
"Subiri," akasema. "Unapumua."