Kifundo

Mimi nauza bima. Baba yangu hana.
Nyumbani kwake Leeuwarden, ghorofa ya pili,
fomu niliyomletea mwaka juzi
huwekewa birika la kahawa juu, lisiunguze meza.

"Yuro nne kwa mwezi," nilimwambia,
"wizi, ajali, na madhara utakayomtia mwenzio."
Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.
"Jeltje, itazame kwanza hiyo baiskeli.
Fremu ina kutu, kengele imekuwa bubu,
kiti nimekifunga mfuko wa mkate.
Mwizi akiichukua hiyo nitamwonea huruma.
Na ajali haina kinga, walishasema;
ninyi mwauza nini?"

Kufuli anazo mbili, moja nzito kuliko gurudumu.
Hiyo ndiyo bima yangu, husema. Nililipa mara moja.

Kisha Novemba, saa kumi na nusu, giza limekwisha shuka,
majani yaliyooza yanateleza kama sabuni darajani,
breki zikapiga ukelele, zikasahau kusimama.
Froukje Wiersma alikuwa akivuka na mfuko wa vitunguu.

Baba alipata mchubuko wa goti.
Yeye, kifundo cha mkono wa kulia, vipande vitatu,
mkono ule ule anaokazia nyuzi za piano za watu.

Usiku ule sikumwambia "nilikuambia."
Nilikaa garini nikapiga hesabu, ndiyo kazi yangu:
wiki tisa bila piano,
teksi za hospitali, mtu wa kumfulia.
Nikafikia tarakimu ambayo Baba hana hata nusu yake.
Nikazima kikokotoo.

Kesho yake alikwenda kwake na maua. Akafukuzwa.
Keshokutwa akaenda bila maua, na kisu kidogo mfukoni.
Akamenya viazi. Akamfunga vifungo vya koti.
Jumamosi akambebea sanduku la zana mpaka kanisani,
mama akisikiliza, na Baba,
kiziwi wa sikio la kushoto,
akizungusha ufunguo:
"Kidogo. Kidogo tena. Umepitiliza, mzee."

Alilipa hivyo, kwa viazi na kwa mabega,
na yuro mia mbili kila mwisho wa mwezi.
Bado analipa.

"Ungekuwa na bima," nilimwambia siku ya Pasaka,
"kampuni ingemaliza yote, nawe ungelala usingizi."
"Ningelala," alikubali.
"Nisingejua hata kwamba kahawa anainywa na chumvi."

Nikamjibu kwa hasira ambayo si ya ofisini:
"Na yeye je, Baba? Ulimuuliza
kama alitaka rafiki wa kumenya viazi,
au alitaka kodi yake ya Desemba?"

Akanyamaza. Akanyanyua birika, hakumimina.
Aliitazama fomu, duara la kahawia
limekaa pale pale penye sahihi.

Juzi usiku akapiga simu. "Wameiba."
Nje ya mlango wa Froukje, yeye yuko ndani anakausha vyombo.
Kufuli zote mbili zimebaki,
zimekumbatia nguzo, zimefungwa vizuri kabisa.
"Mwizi gani," nikaanza,
"Usiniulize," akasema.
Kisha, polepole, kama mtu anayekanyaga barafu:
"Ile fomu. Inajazwa kwa wino gani?"

Nikamwambia ukweli, maana wateja wote nawaambia:
"Baiskeli iliyokwisha kwenda haikatiwi bima, Baba."

Nyuma yake piano ilikuwa ikipigwa noti moja tu,
inarudiwa, inarudiwa, mkono haujapona vizuri.
Ikakoma. Sauti ya kike ikasogea karibu na simu:
"Basi mwambie anikatie mimi.
Kuanzia kesho huyu atakuja kwa miguu,
na hatazami anakokwenda."