Kula Chumvi

Mtu akizeeka husemwa amekula chumvi nyingi.
Gari la Aulikki, chumvi ndiyo inayolila.

Kemi, mwezi wa tatu. Manispaa imemwaga chumvi usiku kucha
na kikulacho ki nguoni mwako:
chini ya zulia la dereva,
pale Reijo alipokanyaga miaka yote na viatu vyenye theluji,
bati limekuwa jembamba kama ganda la kitunguu.

Amelala chali juu ya katoni.
Anakwangua kwa brashi ya waya,
anapaka grisi kwa kidole
kwenye mikunjo asiyoiona.
Kutu inamwangukia usoni. Anatema.

Januari, njia ya Simo, mkanda wa jenereta ulikatika,
baridi nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Taa zikafifia.
Akaweka pembetatu barabarani, tochi mdomoni,
akapapasa chini ya kiti:
mkanda mpya, umeandikwa kwa mkono wa Reijo,
*ubadilishwe kabla ya Krismasi.*

Haukubadilishwa. Wiki ile alikuwa anamzika.

Sasa anamwaga oili nyeusi kama lami,
anaandika tarehe ya leo kwenye kifuniko,
kwa mwandiko wake mwenyewe, mbaya,
kisha anajaribu breki hadi getini.
Zinashika.