Kulabu

Ghorofani mstari unapanda ukutani:
paka wenye taji, kofia za kuvaa hewani,
mali isiyoshikika, iliyoandikwa
katika daftari lisilofutika.
"Mwaka huu soko linaamka!"

Nimeshuka kwa Heldur, mpokea makoti.
Mwaka juzi, asema, kulabu hazikutosha,
manyoya yalilala sakafuni kama mbwa walioshiba.
Mwaka jana, nusu.
Leo hesabu mwenyewe.

Thelathini na moja,
mengi ya waandaaji.

Mfukoni nina kipande chake cha shaba,
namba kumi na tisa,
kimelika ukingoni kwa vidole vya watu.
"Ukikipoteza," alinionya asubuhi,
"utaivuka Tallinn na theluji mgongoni."

Nakifumbata.
Juu, makofi.