Deni la Udongo

Kila Mei, theluji ikishatoka,
shamba letu la Estonia huzaa mawe kwanza.
Viazi baadaye.
Baba hutangulia na ndoo ya bati,
mimi na Tarmo tunamfuata na toroli,
tukiokota tuliyoyaokota mwaka jana,
au ndugu zao, nani ayajue,
maana baridi ya ardhini huyainua moja moja
kama jino linavyoota.

Tarmo, akiwa mdogo, aliuliza:
Nani anayapanda?

Mama akamjibu mgongo umepinda:
Barafu.
Si hii ya dirishani unayoilamba.
Ile iliyosimama juu ya nyumba hii kabla ya nyumba,
minara kumi ya kanisa ikipandana,
ikitambaa usingizini, shibiri kwa siku,
toka kaskazini, toka ng'ambo ya bahari ambayo haikuwepo.
Barafu ni laini, mwanangu, kisu cha mkate huikata.
Haikuchonga nchi kwa meno yake.
Ilimeza mawe, ikayashikilia tumboni,
ikawa msasa,
na mwamba uliolala chini ukapigwa randa
hadi ukabaki na michirizi, yote upande mmoja,
kama nywele zilizochanwa kwa ajili ya picha.
Kisha ikachoka. Ikayeyuka.
Ikatapika hapahapa kila ilichokula.

Tarmo akatazama toroli.
Akasema: Basi tunasafisha matapishi.

Mwaka wa jiwe kubwa tulilisikia kabla ya kuliona:
plau ililia, kisha ikanyamaza vipande viwili.
Tulichimba siku tatu tukitafuta ukingo wake.
Siku ya nne Baba alikaa juu yake,
akala mkate mweusi na samaki wa chumvi,
akatangaza: Hili si jiwe. Hili ni mpangaji.
Tangu siku ile tunalima tukilizunguka.

Julai akaja Rauno, Mfini, na feri ya asubuhi,
kununua asali.
Alipolifikia jiwe alichuchumaa,
akatia mate kidoleni, akasugua:
wekundu, na madoa ya mviringo kama mayai yaliyokatwa.
Hili ni la kwetu, akasema.
Nilijifunza kuogelea nikiruka toka migongoni mwa ndugu zake.

Lichukue basi, Baba akacheka.
Feri inaondoka saa kumi na mbili.

Rauno hakucheka.
Aliangalia vilima vyetu virefu,
vimelala kama mikate kwenye sinia,
vichwa vyote vikielekea kwao.
Kwetu mwamba uko uchi, akasema,
Kiestonia chake kikijikwaa.
Bibi yangu alibeba udongo kwa kikapu, kiangazi kizima,
apate kitanda cha vitunguu, hatua tatu kwa mbili.
Ninyi mnachimba hadi kiunoni
na bado hamjagusa mfupa.

Nyuki waliendelea na kazi yao.
Baba alivua kofia,
akatazama kucha zake, weusi uliojaa humo,
kama mtu aliyeambiwa sokoni
kwamba koti alilolivaa lina mwenyewe.
Hakusema barafu. Hakusema maelfu ya miaka.
Aliingia ghalani, akatoka na gunia la viazi vipya,
akalitupa kwenye buti la gari.
Riba tu, akasema. Deni lenyewe siliwezi.

Oktoba ilifika kadi, picha ya mnara wa taa,
mwandiko wa mkaa au penseli mbovu:
Viazi vimekwisha. Vilikuwa vitamu.
Chini ya gunia palibaki udongo, kiganja kimoja.
Nimeumwagia vitunguu vya bibi.

Baba aliisoma mara mbili, wima, mlangoni.
Akaiweka juu ya redio.
Kisha akachukua ndoo yake ya bati akatoka,
ingawa haikuwa Mei.